Damu Yangu Imekataliwa, Wanasema Nina Homa ya Ini C: Nianzie Wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi magari, nina miaka 41, naishi Tanga. Mwezi uliopita nilikwenda kumchangia damu shemeji yangu aliyekuwa anasubiri upasuaji. Baada ya wiki mbili nikaitwa, nikaambiwa damu yangu haikutumika kwa sababu nina homa ya ini aina ya C. Nikaenda hospitali nyingine, wakanitoboa kidole, karatasi ikaandikwa "Reactive". Wakapima na ini: ALT 66, AST 58, chembe sahani 148. Nikaambiwa ini bado zima, nisile nyama wala mayai, ninywe maji mengi, nirudi baada ya mwaka. Sijisikii mgonjwa hata kidogo. Mke wangu ananyonyesha mtoto wa miezi mitano, na sasa amehamia chumba kingine. Jirani kaniletea dawa ya mizizi, anasema inasafisha ini kwa siku 40. Je, ugonjwa huu una dawa? Nimeshawaambukiza mke na mtoto? Na niishi vipi kuanzia sasa?

JIBU: Ndugu yangu, dawa ipo, na inaponya kabisa. Anayemeza vidonge vyake vyote kwa wiki 12 ana nafasi zaidi ya 95 katika 100 ya kumaliza virusi mwilini. Ila wewe umerukishwa hatua. Umepimwa mara mbili, na mara zote mbili kilichotafutwa ni kingamwili. Kirusi chenyewe hakuna aliyekitafuta. Kwa hiyo senti yoyote uliyonayo sasa hivi, kabla ya kununua dawa, mizizi au chakula maalumu, iende kwenye kipimo hicho.

Kingamwili ni askari ambao mwili wako uliwatengeneza siku ulipokutana na virusi. Adui akishaondoka, askari hawa hubaki zamu miaka na miaka, na kile kijiti cha kidole kinawaona wao tu. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, kama 30 hivi miili yao huwafukuza virusi yenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa. Watu hao hawana ugonjwa, lakini kijiti kitaendelea kuandika Reactive mpaka uzeeni. Wapo pia ambao hawajawahi kuambukizwa kabisa. Kijiti hudanganyika, hasa kikitumika kwa watu wengi wenye afya kama wachangia damu, ambao kati yao wagonjwa wa kweli ni wachache. Benki ya damu haikukosea kuimwaga damu yako, maana kazi yake ni kumlinda mpokeaji hata kwa shaka ndogo. Kosa lilikuja baadaye, pale shaka ile ilipogeuzwa kuwa hukumu.

Kipimo unachohitaji kinaitwa kipimo cha wingi wa virusi. Maabara wanakiandika HCV RNA au HCV viral load. Kinakili hivyo hivyo kwenye kikaratasi uende nacho, kwa sababu ukisema tu "nataka kupima homa ya ini" utatobolewa kidole tena na kulipia jibu unalolijua. Mashine yake mara nyingi ni GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, nayo ipo katika hospitali nyingi za rufaa. Tatizo ni katriji, kile kikasha cha kupimia kinachoingizwa kwenye mashine: ya kifua kikuu haipimi virusi vya C, na mahali pengi mashine ipo lakini katriji za C hazipo. Piga simu kwanza, uliza swali moja tu: "Katriji za HCV mnazo leo?" Damu huchukuliwa kwenye mshipa, kwa kawaida katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na majimaji yake yatenganishwe siku hiyo hiyo. Kama sampuli inasafirishwa kwenda mji mwingine, hakikisha inatenganishwa na kupozwa kabla ya kupanda basi. Damu nzima iliyolala kwenye joto la Tanga huharibu virusi, na jibu linaweza kushuka kuliko hali ilivyo.

Jibu likisema virusi havijaonekana, huna homa ya ini C leo. Kama katika miezi 6 iliyopita kuna jambo lililoweza kukuambukiza, rudia baada ya miezi mitatu au sita, kisha funga faili. Jibu likija na namba, basi virusi vipo. Hapo watu wengi hupata kiwewe bure, kwa sababu namba za C huwa kubwa: laki tano, milioni moja, milioni sita. Ukubwa wa namba hauonyeshi ini limeharibika kiasi gani. Mwenye elfu hamsini anaweza kuwa na ini lililojaa makovu, na mwenye milioni sita akawa na ini laini. Namba hiyo inathibitisha ugonjwa, na baadaye itathibitisha kupona. Basi.

Sasa hilo la "ini bado zima". Siafiki, na nitakuonyesha kwa namba zako mwenyewe. Homa ya ini C haiui ini kwa kishindo. Huliachia makovu madogo madogo kwa miaka 20 au 30, bila maumivu, mpaka ini linakuwa gumu na kusinyaa, hali iitwayo sirosisi. Kati ya walio na virusi vya kudumu, 15 hadi 30 katika 100 hufika huko ndani ya miaka 20. ALT na AST, vimeng'enya ambavyo ini likiumia huvimwaga kwenye damu, hupanda na kushuka njiani, kwa hiyo hata zikiwa za kawaida hazimtoi mtu shakani. Kinachosaidia ni kuziweka pamoja na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) na umri, kwa hesabu mbili ambazo kikokotoo cha simu kinatosha.

Ya kwanza inaitwa APRI. Chukua AST yako, 58, gawanya kwa kikomo cha juu cha maabara, ambacho aghalabu ni 40 (angalia karatasi yako), unapata 1.45. Zidisha kwa 100, gawanya kwa chembe sahani 148: jibu ni 0.98. Ikizidi 2, sirosisi inashukiwa sana. Ya pili ni FIB-4. Zidisha umri kwa AST, 41 mara 58, ni 2,378. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT 66, ni 8.12, kizidishe kwa chembe sahani 148, unapata kama 1,202. Gawanya 2,378 kwa 1,202: ni 1.98. Chini ya 1.45 makovu makubwa hayatarajiwi, juu ya 3.25 yanatarajiwa. Wewe uko katikati, kwenye ukungu. Kwa maneno mengine, huenda huna sirosisi, lakini hakuna mtu mwenye haki ya kukuambia ini ni zima halafu akupe mwaka mzima wa kusubiri.

Hesabu hizi zina mitego yake huku kwetu. Malaria hushusha chembe sahani, kwa hiyo kama ulikuwa umetoka kuugua wiki hiyo, rudia vipimo baada ya mwezi kabla ya kuhuzunika. Pombe hupandisha AST. Na kama ulikulia kandokando ya Ziwa Victoria, mwambie daktari, kwa sababu kichocho cha matumbo nacho huweka makovu kwenye ini, huvimbisha bandama na kupunguza chembe sahani, na matibabu yake ni mengine kabisa. Kwa mtu aliye kwenye ukungu kama wewe, kipimo cha ugumu wa ini kiitwacho FibroScan ndicho kinachokata shauri, kikipatikana. Ultrasaundi ya kawaida fanya, maana inaona uvimbe, maji tumboni na bandama iliyokua, lakini ikija safi usiichukue kuwa cheti cha kutokuwa na makovu. Makovu ya mwanzo haiyaoni.

Pamoja na hayo, kuna vipimo vya kufanya kabla ya kidonge cha kwanza. Cha kwanza ni homa ya ini B, kinachoandikwa HBsAg. Hiki usikubali kirukwe. Virusi vya B na C vikikaa ini moja, mara nyingi C humkandamiza B. Ukimwondoa C kwa dawa, B anaamka, na kuamka kwake kunaweza kuangusha ini kwa wiki chache. Ndiyo maana mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye dawa zote za C za kizazi hiki. Mwenye B hupewa tenofovir, dawa ya kumtuliza B, sambamba, na huendelea nayo angalau wiki 12 baada ya kumaliza dawa ya C. Asiye na B achanjwe: sindano ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya mwezi wa 6. Chanjo ya C haipo. Vipimo vingine ni VVU, figo, sukari, na picha nzima ya damu.

Dawa zenyewe sasa. Usitafute majina ya kibiashara, kwa sababu ni mengi na hubadilika. Soma kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Mchanganyiko mmoja ni sofosbuvir miligramu 400 na velpatasvir miligramu 100 ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Mwingine ni sofosbuvir miligramu 400 na daclatasvir miligramu 60, nao mara moja kwa siku. Wote ni wiki 12, yaani siku 84, ambazo kwa kawaida ni chupa 3 za vidonge 28. Upo pia wa glecaprevir na pibrentasvir, wa wiki 8 kwa wengi, lakini huku haupatikani kirahisi. Mwenye sirosisi anayetumia sofosbuvir na daclatasvir anaweza kuongezewa mpaka wiki 24.

Watu wanaokuambia "C haina dawa" hawazushi. Wanakumbuka zamani, au wanachanganya na B. Hadi kama miaka 15 iliyopita tiba ilikuwa sindano za interferon kila wiki na vidonge vya ribavirin kila siku, mara nyingi wiki 48, homa na upungufu wa damu juu, na waliopona walikuwa karibu nusu. Sofosbuvir iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, ikauzwa dola 1,000 kwa kidonge kimoja, dola 84,000 kwa tiba nzima. Mwaka 2014 viwanda vya India vikapewa leseni ya kutengeneza, bei ikaporomoka. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayetaja bei za kutisha, au ukikutana na wa mtandaoni anayekuuzia chupa kwa bei ya karanga bila karatasi, wote wawili waogope. Nunua panapotoa risiti, pamoja na daktari anayejua unachomeza, na chupa iwe na lakiri, namba ya toleo na tarehe.

Chagua saa ya kumeza utakayoiweza siku zote 84. Kwa fundi anayetoka asubuhi na mapema, saa mbili usiku baada ya chakula hufaa, na Ramadhani ikiingia katikati hulazimiki kubadili kitu, unameza baada ya futari. Ukisahau na bado hazijapita saa 18, meza mara unapokumbuka, kisha kesho endelea na saa yako. Yaani ukikosa cha saa mbili usiku, una nafasi hadi saa nane mchana wa siku inayofuata. Ikipita hapo, kiache, meza kinachofuata kwa wakati wake. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, ndani ya saa mbili kwa sofosbuvir au tatu kwa kile cha velpatasvir, meza kingine. Kichwa kuuma kidogo, uchovu na kichefuchefu hutokea wiki za mwanzo na hupita. Si sababu ya kuacha. Wanaokwama wengi huacha wiki ya sita au ya saba, wakishapimwa na kuambiwa virusi havionekani. Virusi kutoonekana wiki ya nne ni jambo la kawaida kabisa, na vidonge vilivyobaki ndivyo vinavyowamaliza waliojificha.

Jambo linaloharibu tiba kimya kimya ni dawa nyingine. Fundi magari mwenye kiungulia ananunua omeprazole dukani bila kumwambia mtu. Omeprazole hupunguza asidi tumboni, na velpatasvir bila asidi hainyonywi vizuri. Dawa za kiungulia za magnesiamu au alumini tenganisha kwa saa 4. Rifampicin ya kifua kikuu hushusha dawa za C mpaka zisifae, kwa hiyo kifua kikuu hutibiwa kwanza kikaisha. Carbamazepine na phenytoin za kifafa nazo hivyo hivyo, inabidi daktari abadilishe. Amiodarone ya moyo pamoja na sofosbuvir inaweza kupunguza mapigo ya moyo kwa hatari. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir kwa kawaida hana kikwazo, lakini efavirenz haiendi na velpatasvir, na kwa daclatasvir inabidi kipimo kipande hadi miligramu 90. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari mara kwa mara, kwa kuwa virusi vikiondoka sukari hushuka na dozi ya zamani inaweza kumwangusha.

Na hapo ndipo mizizi ya jirani inapoingia. Sikuambii haina kitu ndani yake. Nakuambia ina vitu vingi ambavyo havijapimwa, na vyote hupita kwenye ini, kiungo kile kile unachotaka kukipumzisha. Mgonjwa akianza kuwa na manjano katikati ya tiba huku anakunywa na mizizi, daktari hana namna ya kujua kipi kimemdhuru. Mshukuru jirani, iweke pembeni mpaka umalize.

Eneo la Maziwa Makuu lina jambo lake. Virusi vya C vina aina nyingi, na nchini Rwanda walikutana na tawi moja la aina ya 4, liitwalo 4r, ambalo lilipona kwa shida kwa mchanganyiko wa sofosbuvir na ledipasvir. Kama wewe au wazazi wako mna asili ya Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo, mtajie daktari, na mchanganyiko huo wa ledipasvir usiwe chaguo la kwanza. Asiyepona mara ya kwanza ana mstari wa pili, vidonge vyenye sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir kwa wiki 12.

Sasa mke wako, ambaye naona ndiye anayekukosesha usingizi kuliko ini. Mwambie arudi chumbani. Virusi hivi hukaa kwenye damu na huhitaji kuingia kwenye damu ya mwingine. Havipiti kwenye sahani, kikombe, kukumbatiana, busu, choo, jasho wala mbu. (Anayetajwa na mbu ni homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa uliofanana jina tu.) Kwa mume na mke waliotulia, kuambukizana kwa kitanda ni nadra mno, na mipira si lazima isipokuwa mnaitaka. Epukeni tu siku za hedhi au mmoja akiwa na vidonda. Hata hivyo, na yeye apimwe mara moja, kijiti cha kidole kwanza. Kikiwa hasi, yeye na mtoto hawana jambo: baba hamwambukizi mtoto kupitia ziwa la mama.

Kikiwa chanya, naye apime wingi wa virusi. Akiwa navyo, aendelee kunyonyesha, maziwa hayaambukizi. Asimamishe kwenye ziwa lenye chuchu iliyopasuka na kutoa damu, akamue na kumwaga mpaka ipone. Dawa hizi kwa sasa hazipewi mjamzito wala anayenyonyesha kwa kawaida, kwa hiyo atasubiri amwachishe mtoto. Mama mwenye virusi humwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua kwa watoto kama 5 au 6 katika 100, zaidi kama ana VVU pia. Mtoto huyo asipimwe kingamwili kabla ya miezi 18. Kingamwili za mama humkaa mwilini muda wote huo, na watoto wengi huitwa wagonjwa kwa askari wa kuazima.

Mke wako asitafute ulipovitoa virusi kwa wanawake wa nje. Njia zenyewe ni sindano zisizochemshwa za miaka ile, damu iliyotiwa kabla haijaanza kupimwa, wembe wa kuchanjia chale, vifaa vya jando, kuumikwa kwa pembe na kuchanjwa, kujidunga dawa za kulevya, tattoo. Misri ilipata janga kubwa la C kutokana na kampeni ya serikali ya kutibu kichocho kwa sindano zilizorudiwa, watu walipokuwa wanasaka afya. Wewe pengine hutajua kamwe, na tiba haihitaji ujue.

Kama kujidunga ndiko kulikoleta, sema bila haya. Hakuna sharti la kuacha kwanza ndipo utibiwe, na wanaotumia methadoni, dawa ya kuacha heroini, hutibiwa sawasawa na wengine. Kinachotakiwa ni sindano yako peke yako, kwa sababu kupona C hakukupi kinga. Unaweza kuambukizwa upya wiki inayofuata.

Nyumbani kinachotengwa ni kidogo: wembe, mashine ya kunyolea, kikata kucha, mswaki, na mswaki wa mti pia, maana fizi hutoka damu bila mtu kujua. Kwa kinyozi nenda na mashine yako. Huko gereji mikono yako haikosi michubuko, kwa hiyo funga plasta kabla ya kazi. Damu ikidondoka kwenye spana au sakafu usiipanguse kwa tambara la wote, kwani virusi vya C vimeonekana kuweza kuishi kwenye damu iliyokauka hadi wiki 6. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, futa kwa karatasi, kisha mimina Jik. Ikiwa kibandiko kinasema asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha Jik na vikombe 6 vya maji baridi, iache dakika 10, ndipo uoshe. Changanya mpya kila siku, iliyolala hupoteza nguvu. Nguo zenye damu zifuliwe peke yake, zikaanikwe juani.

Chakula: nyama na mayai kula. Katazo hilo linazunguka hospitali nyingi na sijui nani alilianzisha, ila kwa mtu asiye na sirosisi halina msingi, na kwa mwenye sirosisi lina madhara, kwa sababu ini gumu hula misuli, na mgonjwa anahitaji protini zaidi, kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kinachopunguzwa ni chumvi, tena kwa yule mwenye maji tumboni, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku pamoja na iliyo kwenye mkate. Maji mengi hayasafishi ini. Soda na unene ndivyo vinavyoliongezea mafuta, na mafuta huharakisha makovu.

Pombe acha yote, bia, mnazi na gongo, walau mpaka uthibitishwe kuwa umepona na huna makovu. Panadol inaruhusiwa, ila mwenye sirosisi asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Diclofenac na ibuprofen aziache kabisa, kwa kuwa humwumiza figo na tumbo. Vidonge vya kuongeza damu usimeze bila kupimwa, chuma kikizidi hukaa kwenye ini. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, na kuku usiwape. Sumukuvu haifi kwa kupikwa, na ndiyo iliyoua watu Kenya mwaka 2004 na huko Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa ini lenye virusi ni kuni juu ya moto. Kahawa kunywa. Tafiti nyingi zimeona wanywaji wa vikombe viwili vitatu kwa siku wana makovu machache, na ile kahawa chungu ya kibarazani isiyo na sukari ndiyo hasa ninayoizungumzia. Kashata yake ndiyo upunguze.

Ukiona unatapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo linajaa, macho ya manjano, au watu wa nyumbani wanasema unalala mchana na kuongea ovyo usiku, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kidonge cha 84, hesabu wiki 12 nyingine, kisha upime tena wingi wa virusi. Kipimo cha siku unayomaliza dawa hakitoshi, hiki cha baadaye ndicho cha kupona. Kikisema havijaonekana, umepona, na kama ini lako halina makovu makubwa, faili lako linafungwa. Ukikutwa na sirosisi, hata baada ya kupona utaendelea na ultrasaundi kila miezi 6, kwani saratani ya ini inaweza kuzuka kwenye makovu ya zamani, na ikikutwa ndogo hutibika. Daktari pia anaweza kukupeleka kipimo cha kuangalia mishipa ya koo la chakula.

Cheti hicho cha mwisho kihifadhi, piga na picha. Kijiti cha kidole kitaendelea kuandika Reactive maisha yako yote, na siku moja utakutana na mhudumu, au kituo cha vipimo vya wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, atakayekuambia una homa ya ini C. Kumbuka tu kwamba baadhi ya vituo hivyo hutazama kingamwili peke yake, na cheti hakitabadilisha jibu lao. Ndiyo hivyo hivyo kwa benki ya damu. Shemeji akihitaji chupa nyingine mwakani, mtafutie mchangiaji mwingine katika ukoo, na wewe ubebe nauli yake.